Ukuta Usio na Tarakimu ya Sita

Kabla sijaandika lolote kuhusu mahindi ya shule yetu, natenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo niliyoyaona kwa macho yangu mwenyewe: ukuta wa ghala, vikopo vitatu vya bati, na siku ambayo debe la mwisho lilitoka mlangoni. Fungu la pili ni la mambo niliyoyasikia: pikipiki iliyosemekana kubeba magunia, mnunuzi aliyesemekana kuyasubiri kwenye barabara ya Mpui, na maneno ambayo mtu alisemekana kuambiwa jikoni baada ya mambo yote kwisha. Ya fungu la pili nitayataja kwa sababu yalimuumiza mtu. Sitayathibitisha.

Namba mia mbili na kumi na tatu, iliyozua haya yote, ni ya fungu la pili. Niliisikia kwa simu. Kosa langu, ambalo siwezi kumtwika mwingine, ni kwamba niliiandika kana kwamba ni ya fungu la kwanza.

Nilifundisha hisabati katika shule za sekondari za Sumbawanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipostaafu nilirudi kijijini, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka mjini, kwenye nyumba inayotazama uwanda usio na mti mrefu wa kuukinga upepo wa Juni. Shule ya msingi ya kijiji ilinitaka niwe katibu wa kamati ya chakula. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sitatia sahihi tarakimu yoyote ambayo haikuhakikiwa. Sharti hilo niliweka mimi na nikalivunja mimi.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Baada ya mavuno wazazi huleta mahindi, kila mmoja kwa kadiri alivyojaliwa: huyu debe moja, yule mawili, mwingine nusu tu na haulizwi. Mahindi huwekwa katika chumba kimoja nyuma ya ofisi ya walimu. Kila siku ya masomo, Jumatatu hadi Ijumaa, debe moja hutolewa kwa wapishi nao hupika makande. Wapo watoto wanaotoka mbali, waliotembea asubuhi bila hata chai, na sahani hiyo ndiyo chakula chao cha kwanza cha siku. Kwa hiyo kumwita mtu mwizi wa mahindi hayo ni kumwita mwizi wa jambo baya kuliko mahindi.

Mtunza ghala ni mama mjane anayekaribia miaka sitini. Aliacha shule darasa la nne. Halipwi. Ufunguo wa ghala huuvaa shingoni kwa uzi mweusi, na hata kanisani huonekana ukichungulia juu ya kitenge. Ana ndoo moja tu ya kupimia, ya ujazo wa debe, na kijiti kilichochongwa bapa cha kusawazishia mdomo wa ndoo, maana hataki lumbesa ya kufurika wala pungufu. Ndoo inayopokea ndiyo ndoo inayotoa. Nimefanya kazi na watu wenye shahada ambao hawakuwa na nidhamu hiyo.

Mwaka ninaousimulia, wangu wa kwanza kwenye kamati, mahindi yalipokuwa yakikusanywa sikuwapo. Nilikuwa Sumbawanga, nyumbani kwa binti yangu, nimetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na jicho moja limefungwa bandeji. Mwenyekiti wa kamati, bwana shamba mstaafu aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, alinipigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Jicho linaendeleaje?"

"Marahaba. Jicho lipo. Mahindi?"

"Yameshaingia yote. Mama hayupo, ameenda kwenye msiba, lakini kaandika mlangoni kwa chaki. Mbili, moja, tatu."

"Madebe?"

"Si ndiyo tunavyohesabu, Mwalimu? Madebe."

Sikuuliza zaidi. Nilichukua kalamu, na kwa jicho moja nikaandika: madebe 213. Taarifa hiyo ilisomwa kwenye mkutano wa wazazi, mtunza ghala akiwa bado msibani, nao wakapiga makofi, kwa sababu mwaka ule mvua ilikuwa nzuri na kila mmoja alidhani jirani yake amekuwa mkarimu.

Siku chache kabla ya makande kuanza, wanakamati walikwenda ghalani kuhakiki. Walikuta magunia kumi na tatu na madebe matatu ya ziada. Kwetu gunia lina madebe sita. Kumi na tatu mara sita ni sabini na nane. Ongeza matatu, yanakuwa themanini na moja. Taarifa yangu ilisema mia mbili na kumi na tatu. Yalikosekana madebe mia moja thelathini na mawili, sawa na magunia ishirini na mawili kamili.

Hayo nilihadithiwa, lakini kwa kuwa baadaye niliyahesabu mwenyewe, nayahamishia fungu la kwanza. Yaliyofuata hayahamishiki. Katika kundi la wazazi la kwenye simu iliandikwa kwamba pikipiki ilionekana ikibeba magunia. Kufikia jioni pikipiki zilikuwa mbili, na kufikia kesho yake mnunuzi alikuwa na kofia nyekundu. Niliuliza kila aliyeandika kama aliona. Kila mmoja alisema aliambiwa. Kofia nyekundu niliifuatilia kwa watu wanne, na wa nne akaniambia alidhani ni mimi niliyeisema.

Nilirudi kijijini Jumamosi. Sikupita nyumbani. Nilimkuta mtunza ghala ameketi kwenye ngazi ya ghala, mlango umefungwa, ufunguo shingoni. Alisimama kunisalimu, lakini salamu yake ilikuwa fupi.

"Wameniambia niukabidhi Jumatatu," alisema akiugusa ufunguo. "Nimewaambia nitamkabidhi Mwalimu, maana yeye ndiye aliyeandika."

"Mimi niliandika ulichoandika wewe, mama."

"Mimi niliandika mbili, moja, tatu. Wewe uliandika nini?"

"Mia mbili na kumi na tatu."

Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi waliojibu swali wasiloulizwa. Kisha akafungua mlango.

Ghala lile lina dirisha dogo. Kulikuwa na harufu ya mahindi makavu na ya magunia mapya. Mahali pa kwanza nilipotazama si kwenye magunia. Nilitazama ukuta, kwa sababu ukuta mzima wa upande wa mlango ulikuwa umejaa tarakimu za chaki, safu kwa safu, nyingine zimefifia. Aliniambia kwamba kila Ijumaa, baada ya kutoa debe la mwisho la juma, huandika kilichobaki. Safu ya mwaka uliopita ilianza hivi, ninaikumbuka kwa sababu niliinakili: 220, kisha 211, kisha 202, kisha 153.

Nilifanya jambo ambalo mwalimu yeyote wa hesabu angelifanya: nilitafuta tofauti. Kutoka 220 hadi 211 ni tisa. Kutoka 211 hadi 202 ni tisa. Kutoka 202 hadi 153 ni arobaini na tisa. Nikajiuliza ni juma gani hilo ambalo watoto walikula madebe arobaini na tisa na bado wako hai. Hata tisa haikuwa na maana, maana juma lina siku tano na siku ina debe moja.

Ndipo nilipoanza kuona kisichokuwapo. Nilisogea karibu, nikavaa miwani, nikaupitia ukuta kuanzia juu hadi chini kwa kidole. Palikuwa na sifuri nyingi, moja, mbili, tatu, nne na tano. Nilitafuta sita. Hakukuwa na sita. Saba haikuwapo, nane haikuwapo, tisa haikuwapo. Miaka mitatu ya Ijumaa, mamia ya tarakimu, na hakuna hata moja iliyovuka tano.

Niliketi juu ya gunia, nikaupitia tena kwa macho.

Ninaeleza kwa ajili ya msomaji ambaye hakupata somo hili, au alilipata kwangu akalisahau. Sisi tunapohesabu, tukifika kumi tunafunga fungu na kulisogeza kushoto. Kumi si amri ya mbinguni. Ni idadi ya vidole tu. Mtu anaweza kufunga fungu kila afikapo sita, na hapo hatahitaji tarakimu yoyote zaidi ya tano, kwa sababu sita ikishafika si sita tena, ni moja ya nafasi inayofuata. Somo hili huitwa la vizio vya namba. Nililifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka nilimaliza kwa kuwaambia wanafunzi, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ni zoezi la akili tu na hakuna mtu duniani anayehesabu kwa kizio cha sita.

"Mama," nilisema, "nionyeshe unavyohesabu."

Akashusha kutoka kwenye rafu vikopo vitatu vya maziwa ya unga, vimekwanguliwa karatasi, vikabaki bati tupu. Ndani mlikuwa na punje za maharage. Alivipanga mbele yangu.

"Hiki cha kulia ni cha madebe. Debe likiingia, natia harage moja. Maharage yakifika sita, ni gunia: nayamwaga yote, natia harage moja hapa katikati. Ya katikati yakifika sita, ni mkokoteni mmoja: nayamwaga, natia moja hapa kushoto."

"Kwa nini mkokoteni ni magunia sita? Nimeona ng'ombe wakivuta zaidi."

"Kwa njia za huko mjini labda. Hii yetu ya makorongo, ukizidisha sita unavunja ekseli."

Katika kikopo cha kushoto mlikuwa na maharage mawili, cha katikati moja, cha kulia matatu. Mbili, moja, tatu. Mikokoteni miwili ni magunia kumi na mawili; gunia moja la ziada, kumi na tatu; na madebe matatu. Madebe themanini na moja, punje kwa punje kama yalivyokuwa sakafuni nyuma yangu. Nikarudi kwenye safu ya mwaka uliopita nikaisoma kwa mafungu ya sita: themanini na nne, sabini na tisa, sabini na nne, sitini na tisa. Tano, tano, tano. Hakuna debe lililopotea mwaka ule wala mwaka huu. Kilichopotea ni swali moja ambalo nilipaswa kuuliza kwa simu.

Watu husema mama huyu alifundishwa hesabu hiyo na mama yake, na wengine husema ni hesabu ya zamani ya Kifipa. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo. Nilipomuuliza mwenyewe alijibu kwamba gunia lina madebe sita, sasa angehesabu kwa ngapi?

Nilimwomba radhi palepale. Alisema, "Umeniomba humu ndani, Mwalimu. Walionitukana wako nje."

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, katika darasa la pili, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto na upepo ukipiga mabati. Nilisimama nikasema kwamba namba ile ilikuwa yangu, kwamba niliipokea bila kuihakiki, na kwamba mtunza ghala aliandika sawa nikasoma vibaya. Nikachora vikopo vitatu ubaoni. Nilieleza polepole. Wengine walielewa, hasa wanawake ambao kila siku wanapima kwa madebe na magunia. Wengine walinitazama kwa huruma.

Aliyenyanyuka ni mama mmoja muuza dagaa, anayeleta mzigo kutoka Wampembe, mzazi wa watoto watatu pale shuleni na mwanakamati. Ulimi wake unajulikana hadi mnadani.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mdogo wangu ulimfundisha wewe, pale mjini. Ulimchapa kwa sababu alikosa moja. Moja tu! Leo wewe umekosa mia na thelathini na mbili. Nani akuchape?"

Darasa lilicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Mimi sikucheka, lakini nilijua amesema kweli.

"Nichapwe mimi," nilisema, "ila ufunguo abaki nao."

"Hapo sasa. Ukuta unaandikika, Mwalimu. Chaki si inafutika? Mimi sijui kizio, najua watoto wangu wanakula pale. Nipe kitu ninachoweza kukiona."

Dai lake lilikuwa la haki, na nasema hivyo bila aibu. Lilikuwa dai langu mwenyewe katika mdomo wa mtu mwingine. Jibu lilitoka nyuma, kwenye dawati la mwisho, alipokuwa amekaa mtunza ghala na vikopo vyake mapajani.

"Mahindi haya yataisha siku ya Jumatatu," alisema.

"Jumatatu ipi?" akauliza mwenyekiti.

"Wiki mtahesabu wenyewe. Mimi siku ndiyo naijua. Debe la mwisho ni la Jumatatu. Yakiisha Ijumaa, au Jumatano, au siku nyingine yoyote, jueni kuna debe limetoka kwa njia nyingine, mje mchukue ufunguo na jina langu mlitupe."

Muuza dagaa alimsogelea. "Umejuaje ni Jumatatu?"

"Nimemwaga maharage yote pamoja. Mawili, moja, matatu: sita. Natoa matano, ya siku tano za shule. Limebaki moja. Moja ni Jumatatu."

Nilikuwa tayari nimegeukia ubao. Themanini na moja gawanya kwa tano: kumi na sita, baki moja. Majuma kumi na sita kamili, na siku moja. Lakini yeye hakugawanya themanini na moja. Hakuwa hata na hiyo themanini na moja. Alijumlisha tarakimu tu.

Nikiwa kijana nilijifunza kwamba, katika hesabu yetu ya kumi, ukijumlisha tarakimu za namba, jumla hiyo ikigawanywa kwa tisa huacha baki lilelile linaloachwa na namba yenyewe. Nilijua kwa maandishi kwamba katika kizio cha sita jambo hilohilo huwa kweli kwa tano. Sikuwahi kukutana na mtu aliyelihitaji. Mkutano ulipotawanyika nilimuuliza anajuaje kuwa hesabu hiyo haidanganyi. Nilitarajia aseme ni mazoea. Badala yake alinionyesha.

"Kila wiki natoa madebe matano. Sawa? Nafungua gunia moja lenye sita, natoa matano, moja linabaki. Kwa hiyo harage moja linatoka kikopo cha magunia, na moja linaingia kikopo cha madebe. Limehama tu. Kwa jumla maharage yangu ni yaleyale."

"Na kama hakuna gunia lililo peke yake? Ikabidi uvunje mkokoteni?"

"Harage moja linatoka, sita yanaingia. Yameongezeka matano. Matano ni wiki, si siku. Siku haibadiliki."

Uthibitisho wangu wa darasani ulijaza ubao mzima, na wanafunzi waliunakili bila kuuamini. Wa kwake ulichukua muda wa kufunga mlango. Nilirudi nyumbani, nikauandika kwa alama zangu ili nione kama una ufa. Haukuwa na ufa.

Kamati iliamua hivi: ufunguo ubaki kwake hadi mahindi yaishe, na kila Ijumaa mimi na muuza dagaa twende kushuhudia vikopo. Nilijua maana yake. Mama ambaye miaka yote aliaminiwa bila maneno, sasa angekuwa anachunguzwa kila juma mbele ya wapishi. Alikubali kwa kutikisa kichwa.

Makande yalianza Jumatatu moja ya katikati ya Agosti. Ijumaa ya kwanza vikopo vilisema mbili, sifuri, nne. Jumla sita, toa tano, baki moja. Ijumaa ya pili moja, tano, tano. Muuza dagaa alijumlisha kwa vidole. "Kumi na moja! Jana... yaani wiki iliyopita sita, leo kumi na moja! Maharage yanazaa humu?"

"Toa tano mara mbili," nilimwambia.

Akatoa. "Moja," alisema, akaonekana amekasirika kidogo.

Kufikia Ijumaa ya tano hakunihitaji tena. Alikuwa akiingia, anasalimu, anatazama vikopo, anasema "moja", anatoka. Siku nyingine alimletea mtunza ghala dagaa kidogo kwenye karatasi, akisema zimevunjikavunjika haziuziki. Nilizitazama zile dagaa. Zilikuwa nzima.

Ijumaa ya tisa ndiyo niliyoihofia baadaye nilipoikumbuka. Vikopo vilisema moja, sifuri, moja. Muuza dagaa alijumlisha, akajumlisha tena, kisha akanyooka na kushika kiuno.

"Mbili," alisema. "Wiki nane zote moja, leo mbili. Mwalimu, unaona? Mbili!"

Wapishi wawili waliokuwa mlangoni waligeuka kutazama. Mimi nami, ninakiri, moyo ulinishtuka kabla ya akili kufanya kazi. Nilimtazama mtunza ghala. Alikuwa akifagia punje sakafuni, hakuacha.

"Jana mlikula nini hapa shuleni?" aliuliza.

"Jana?" muuza dagaa akasema. "Jana si ilikuwa sikukuu..."

Akashusha mkono kutoka kiunoni.

"Alhamisi watoto walikuwa makwao," mama aliendelea. "Debe lao lipo pale, mlihesabu. Kwa hiyo mwisho si Jumatatu tena. Ni Jumanne. Ningekuwa mwizi ningelibeba lile moja, maharage yangesema moja kama mlivyozoea, na wewe ungetoka humu umeridhika."

Mpishi mmoja aliangua kicheko. "Umepatikana leo, mama dagaa!"

"Nani kapatikana? Nilikuwa nampima!" alijibu, lakini alikaa chini juu ya gunia, akamwomba mtunza ghala amweleze upya tangu mwanzo jinsi harage linavyohama. Nilitoka nikawaacha. Somo lilikuwa linaendelea bila mimi, na lilikuwa linafundishwa vizuri.

Tangu siku hiyo tulikwenda ghalani kila Ijumaa tukakuta jumla ya maharage ni saba, au mbili yenyewe, daima baki mbili. Magunia yalipungua hadi sakafu ikaonekana. Mvua zilianza. Njia ya makorongo ikawa tope, na mkokoteni mmoja, niliouona mwenyewe, ulivunjika ekseli ukiwa na magunia saba ya mbolea. Niliyahesabu.

Katika majuma yale nilifanya jambo jingine. Niliandika barua kwa kamati na kwa wazazi, nikafuta taarifa yangu ya mwanzo, nikaeleza kosa na chanzo chake, nikaomba ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya walimu mahali ambapo ya kwanza ilikuwa imebandikwa. Ilibandikwa. Sijui ni wangapi waliisoma. Kofia nyekundu ilikuwa na wasomaji wengi zaidi.

Ijumaa ya kumi na sita vikopo viwili vya kushoto vilikuwa vitupu na cha kulia kilikuwa na maharage mawili. Jumatatu nilikwenda ingawa si zamu yangu. Mtunza ghala alijaza ndoo, akapitisha kijiti chake juu ya mdomo wa ndoo, akawapa wapishi, akatoa harage moja. Muuza dagaa alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakuna aliyemwita.

Jumanne kulikuwa na ukungu hadi saa tatu. Nilifika kabla ya wapishi. Mwenyekiti alikuja, na wazazi kama kumi na wawili, wengine wakijifanya wamepita njia. Gunia la mwisho lilikuwa limesimama katikati ya chumba, limelegea. Mtunza ghala alilimimina taratibu kwenye ndoo. Mahindi yalipanda, yakafika mdomoni, gunia likaisha. Alipitisha kijiti. Hakikusukuma punje hata moja chini, wala hakikuacha pengo. Niliinama kutazama, kwa jicho lililopasuliwa na kwa lile jingine.

Nimesikia kwamba mchana ule, jikoni, muuza dagaa alimwomba mtunza ghala radhi mbele ya wapishi na kwamba wote wawili walilia. Mpishi mmoja aliniambia, na mwingine akaniambia hawakulia. Sikuwapo, nayaacha yalipo. Nilichokiona ni kwamba mama yule alilitoa harage la mwisho, akafunga mlango wa ghala tupu, na ufunguo akaurudisha shingoni kwake bila mtu yeyote kunyoosha mkono kuudai. Kabla hajafunga nilimwomba anisubiri. Niliingia, nikainua vikopo kimoja kimoja hadi kwenye mwanga wa dirisha, nikatia vidole ndani ya kila kimoja hadi kwenye bati. Vyote vitatu vilikuwa vitupu.